Marehemu wa Chumba cha Ngozi

Mimi ni marehemu. Nanyi mlionisoma wiki iliyopita mnajua kwamba sikuugua, sikugongwa na gari, wala sikulishwa kitu. Niliuawa na viatu vyangu mwenyewe.

Kwa aliyechelewa kufika msibani, nimpe kwa ufupi asije akanikatiza katikati.

Mume wangu ni fundi viatu. Mimi ndiye ninayekata ngozi na kushona sehemu ya juu ya kiatu. Yeye anapiga soli na kumalizia. Duka lilikuwa limedoda. Wifi yangu, dada wa mume wangu, msichana mwenye ulimi wa moto na simu isiyotoka mkononi, akatufungulia ukurasa mtandaoni. Tukaposti viatu, viatu, viatu. Waliotupa laiki walikuwa wifi mwenyewe, binamu yake, na jamaa mmoja muuza sabuni aliyetuomba na sisi tukampe laiki kwake.

"Watu hawafuati viatu," wifi akasema. "Watu wanafuata watu. Kaka, wewe una stori gani?"

Mume wangu hana stori. Alichonacho ni mazoea yake. Mteja akifariki kabla hajachukua viatu vyake, yeye haviuzi. Anaviweka kwenye rafu ya juu, pua zikiangalia ukuta. Alilisema hilo mbele ya simu kwa ile sauti yake ya chini, na video ikasambaa kuliko umbea. Wafuasi wakamiminika.

Baada ya hapo ndipo nilipobandua soli za viatu vyangu, vile vyekundu vyenye tepe ya kijani, nikazigundisha upya. Nikaviweka kwenye rafu ile ile, visigino vielekee dirishani ili gundi ikauke. Pua zikaangalia ukuta. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nawaza jua.

Mume wangu akaenda laivu, kopo la gundi wazi mbele yake. Gundi humchoma macho, machozi yakamtoka. Mtu akaandika: "Fundi, vile vyekundu si ndivyo alivyovaa mkeo kwenye video ya kwanza?" Yeye akatazama rafu, akafuta macho, asiseme neno. Ukimya wake ukasomwa kama tanzia.

Nilitaka kutoka nijionyeshe. Wifi akanishika mkono. "Wifi yangu, subiri kidogo tu. Oda hizi ziishe."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni kaburi langu lilivyo.

Ni chumba cha nyuma ya duka. Kina cherehani, meza ya kukatia, marobota ya ngozi yaliyofika dari, na dirisha lenye nondo ambalo hata paka lazima abane pumzi kupita. Mbele kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna duka. Upande wa pili kuna mlango wa uani.

Nyumbani kwetu ni mbali na duka. Majirani waliniona nikitoka alfajiri na kurudi kama kawaida, na hakuna aliyejua kwamba anasalimiana na maiti. Taabu ilikuwa mchana. Marehemu gani anashona tangu asubuhi mpaka jioni bila hata siku ya mapumziko? Viatu vyote mlivyonunua kwa huruma ya kifo changu, nilivishona mimi.

Waliosema kufa kufaana walinisema mimi, ila mimi nilikuwa upande mbaya wa methali.

Na nikiri jambo, maana nimeahidi kutoficha. Mwanzoni kufa kulinipendeza.

Wifi aliniletea simu nisome maoni. Watu wasionijua walinililia. Mmoja aliandika kwamba nilimpokea dukani kwa tabasamu na kumpa moyo siku aliyofiwa. Mimi! Mimi ambaye wateja wakija kubembeleza bei nawaangalia mpaka wanaomba radhi. Mwingine akasema nilikuwa mpole. Mume wangu alipolisoma hilo alikohoa, akatoka nje.

"Ulipokuwa hai nani alikuuliza hali?" wifi akaniambia. "Kufa kumekupa heshima, wifi. Tulia uile."

Nikaila. Na kosa langu likazidi pale nilipoanza kuipika mwenyewe.

Mimi ndiye niliyempa mume wangu ile habari ya kidole. Mnaikumbuka, waliokuwa wakifuata ule ukurasa. Kidole changu cha mwisho cha mguu wa kushoto kimekaa juu ya mwenzake, tangu udogo wangu nilipoangukiwa na pasi ya mkaa. Kiatu cha dukani hakinikai. Mume wangu, kabla hatujaoana, alinichongea kalibu ya mguu wangu peke yangu, mti wenye kinundu pembeni, akanishonea vile vyekundu juu yake. Ndiyo ilikuwa posa yake. Maneno hana.

"Wasimulie hiyo," nikamwambia. "Waambie ni viatu ambavyo duniani vinamkaa mtu mmoja tu."

Akawasimulia. Gundi ilikuwa wazi, machozi yakasaidia. Siku hiyo wafuasi waliongezeka mpaka wifi akapiga kelele dukani. Wakambatiza mume wangu jina: Fundi Machozi.

Basi mimi ndiye niliyeuza hata kidole.

Utamu ukaisha taratibu. Kwanza nikakatazwa kuimba nikishona. Kisha nikakatazwa kupiga chafya wakati wa laivu. Nilipopiga, wifi aliwaambia watazamaji kuwa ni paka, na kesho yake wakatuma maoni wakitaka kumwona paka.

Kisha wifi akanichukulia simu yangu.

"Namba yako ndiyo tuliyoiandika kwenye ukurasa," akasema. "Oda zote zinaingia hapo. Nikae nayo mimi."

"Na mama yangu akipiga?"

"Nitakupa."

Kila nilipomuuliza kama mama amepiga, alinijibu, "Hajapiga, wifi. Si unajua wazee na vocha." Mama anaishi mji mwingine, na simu yake ni ile ya kubonyeza, haijui ukurasa wala laivu. Nikaamini. Nilitaka kuamini, kazi ilikuwa nyingi.

Halafu mfuasi mmoja mwenye mapenzi kupita kiasi akazunguka uani kupiga picha "mahali marehemu alipokuwa akianikia ngozi". Nilijitupa chini ya meza. Wifi akatia kufuli mlango wa uani, ufunguo akautia mfukoni, akawa ananifungulia alfajiri na jioni tu.

"Kwa usalama wako," akasema.

Njia ya kutoka mchana ikabaki moja: kupitia dukani, mbele ya watu wote.

Nilimsubiri mume wangu alipoingia kuchukua kazi. Alinyoosha mkono apokee. Sikumpa.

"Mtanifufua lini?" nikamuuliza.

"Mke wangu, tumesema kidogo kidogo."

"Mlisema oda ziishe. Oda zinazaa."

Akakaa kwenye robota. Ni mtu mkubwa, lakini akikaa hivyo anakuwa mdogo. "Nimeajiri vijana wa kupiga soli. Wana familia. Nimewapangia chumba cha pembeni wafanyie kazi. Nikisimama leo niseme mke wangu mzima, wataniita nani?"

"Watakuita mume wa mtu."

"Wataniita tapeli. Na viatu watavirudisha." Akanitazama kwa macho mekundu. "Mimi sikusema umekufa. Wewe ni shahidi. Sikusema."

"Hukusema nimekufa. Na hukusema niko hai."

Wifi akachungulia pazia. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kaka, laivu inaanza. Wifi, chafya yako uimeze."

Nikampa mume wangu kazi yake. Alinigusa bega akipita, kama anavyomgusa mteja aliyefiwa. Hapo nikaogopa kweli. Niliona kwamba na yeye ameanza kunizoea hivyo.

Nikaamua: laivu hii ikiisha, napita dukani na kutoka mlango wa mbele, liwalo na liwe. Nikavua ndala zangu ili nisisikike nikitembea, nikasimama nyuma ya pazia kusubiri.

Duka lilikuwa na wateja wachache waliokaa kwenye benchi, mmoja wao mwalimu mstaafu aliyeleta viatu vyake kubadilishwa visigino. Simu ya laivu ilikuwa kwenye kishikio chake cha miguu mitatu. Wifi alikuwa anasoma maoni kwa sauti, kama kawaida yake, asome kwanza afikiri baadaye.

"Bibi Kisigino anasema, 'Fundi, usioe haraka.' Asante Bibi Kisigino, wewe ni mfuasi wetu wa tangu mwanzo. Huyu anauliza kama saizi kubwa zipo. Zipo, mpenzi..."

Hapo mlango wa mbele ukafunguka kwa kishindo, na sauti ikaingia kabla ya mwenye sauti.

"Mmemzika wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama yangu.

 Nikashika pazia.

"Nauliza, mkwe wangu! Mwanangu mmemzika wapi? Mtoto wa jirani ananionyesha kwenye simu yake, watu wote wanampa pole mume, na mimi mzazi sijaambiwa! Napiga simu, napiga, haipokelewi! Nimekukosea nini, baba, hata unizikie mtoto kwa siri?"

Mume wangu aliinuka, nyundo mkononi. 

"Mama, kaa kwanza," wifi akasema.

"Sikai! Nionyeshe kaburi nikae huko!"

Kisha mama akaviona viatu. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia akiinua macho kwenye rafu, akaviona vile vyekundu, pua ukutani. Alikuwepo nilipopewa viatu vile. Akajishika kichwa kwa mikono miwili na kutoa kilio ambacho sijawahi kukisikia, na natamani nisikisikie tena mpaka nife kweli.

Nani angeweza kubaki nyuma ya pazia? Niambieni. Biashara ni biashara, lakini yule ni mama.

Nikatoka.

"Mama! Mimi hapa! Niko hapa!"

Akanigeukia. Akanishika mashavu, akanishika mabega, akaninusa kama unavyomnusa mtoto mchanga.   Wateja kwenye benchi walisimama. Mwalimu mstaafu akavua miwani, akaivaa tena.

Na simu ilikuwa inatazama yote.

 Kisha nikasikia sauti ya wifi, tamu kama asali, ikiongea na simu.

"Ndugu watazamaji, poleni sana. Huyu mnayemwona ni mdogo wake marehemu. Wamefanana mno, hata mama yao huwachanganya. Amekuja kutusaidia kazi. Si kweli, mama?"

Nikashusha pumzi. Ameyataka mwenyewe, nikawaza. Mama yangu hawezi uongo. Alinilea kwa "njia ya mwongo ni fupi" na kwa fimbo. Nilimwangalia nikasubiri anifufue.

Mama akaitazama simu. Akawatazama wateja. Akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amesimama na nyundo mkononi, jasho likimtiririka kama mwizi aliyezingirwa. Mimi nilisahau kwamba mama ana jambo moja analoliogopa kuliko uongo, nalo ni aibu. Mama ni mtu wa sitara. Nyumbani kwetu hata sufuria ikivunjika mpini ilifichwa kabla mgeni hajaingia.

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ni kweli," akasema. "Huyu ni mdogo mtu."

Jamani.

Nimekufa mara mbili, na ya pili imetoka kinywani mwa aliyenizaa.

"Mama," nikasema.

"Nyamaza," akaninong'oneza, vidole vyake vikiwa bado kwenye mkono wangu. "Ya ndani tutayasema ndani. Usimvue mumeo nguo mbele za watu."

Wifi alikuwa ameshanyakua simu kwenye kishikio, anasoma, uso unang'aa. "Wanafurahi! Wanasema Mungu amejibu. Huyu anasema, 'Fundi, mrithi yuko mlangoni.' Huyu anasema, 'Mdogo mtu amwoe fundi, nyumba isipoe.' Lo! Huyu anasema harusi iwe laivu!"

Hivyo ndivyo nilivyoposwa na watu nisiowajua, niolewe na mume wangu, nichukue nafasi yangu mwenyewe. Ningecheka kama ningepata hewa. Nikapiga hesabu ya maisha yangu pale pale: nitaitwa kwa jina lisilo langu, nitaolewa upya mbele ya simu, nitazeeka nikisifiwa kwa kufanana na mimi. Na viatu vyangu vitabaki juu pale vinaangalia ukuta.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa anatazama sakafu.

La, hakuwa anatazama sakafu. Alikuwa anatazama miguu yangu.

Nami nikakumbuka kwamba niko peku.

Mwalimu mstaafu alikuwa amefuata macho yake. Akainama kidogo. Alikitazama kidole changu cha mwisho kilichompanda mwenzake, akatazama rafu, kisha akanitazama usoni. Mwalimu ni mwalimu, hata akistaafu. Hakukaa tena; akatoa simu yake mfukoni.

Mama naye akaelewa. Akaachia mtandio wake ukaanguka juu ya miguu yangu, kana kwamba umemponyoka. Akachelewa.

"Bibi Kisigino anauliza," wifi akasoma kwa furaha yake ile ile, "'Mbona huyo mama kamfunika mdogo mtu miguu? Hebu tuonyesheni...'"

Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi yangu alisoma kitu akafikiri kabla hajamaliza.

Lakini wengine nao walikuwa wameshaandika. Niliona maneno yakipanda kwenye kioo cha simu, moja juu ya lingine. Miguu. Tuonyesheni miguu. Kisha mwerevu mmoja akaja na lake, na wote wakamfuata: avae viatu vya marehemu. Fundi mwenyewe alisema vinamkaa mtu mmoja tu duniani. Kama ni mdogo mtu, havitamkaa. Avae tuone.

"Mtandao unasumbua," wifi akasema.

"Hausumbui," mwalimu mstaafu akasema kwa upole. "Mimi hapa nakuona vizuri kwenye simu yangu." Akaiinua tuione.

Wifi akamgeukia kaka yake, midomo imekauka. "Kaka, mvishe basi. Vikimkataa, yameisha. Watu watatulia."

Mume wangu akaweka nyundo chini. Akavuta kigoda, akapanda, akavishusha viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi. Akavifuta kwa kiganja, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, pale kwenye kinundu, taratibu, kama alivyovifuta siku aliyonipa. Akaja akapiga goti mbele yangu. Wifi akamfuata na simu, ikainama naye mpaka chini.

Mama alikuwa amefumba macho.

Mume wangu akakishika kiatu cha kushoto, akakifungua mdomo kwa vidole gumba. Kichwa chake kilikuwa karibu na goti langu, kimeipa simu kisogo, na akaniongelesha kwa sauti ambayo mimi peke yangu ningeweza kuisikia.

"Kaza mguu, mke wangu," akasema. "Nakuomba. Visiingie."

Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya ngozi nyekundu, na siku ile hakuna kopo la gundi lililokuwa wazi.

Mkono wake ulikuwa unasubiri, kiatu kimeangalia kwangu. Nikautoa mguu wa kushoto chini ya mtandio wa mama.